Mwanamke kutembea peke yake njia za mikoroshoni: nyie wa huku mnaonaje?

Mwalimu wa Ukingoni

Habari zenu wana Mtwara na Lindi. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepangiwa Newala, kata ya pembezoni upande unaotazama bonde la Ruvuma. Mama yangu ni wa huku huku, ila mimi nimekulia Temeke, kwa hiyo ukoo ninao lakini njia sizijui. Chumba nimekipata kijiji cha jirani. Kutoka hapo mpaka shuleni ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu, mikorosho mwanzo mpaka mwisho, na katikati kuna kipande hakina nyumba hata moja.

Mwezi huu wa saba, saa kumi na mbili asubuhi bado kiza, na ukungu juu yake. Waliofika Newala wanaijua baridi yake. Mikorosho matawi yanagusa chini, mtu akisimama hatua chache pembeni ya njia humwoni. Tena sasa hivi ni wakati wa salfa, ile dawa ya mikorosho. Alfajiri watu wako mashambani wanapulizia umande haujakauka, mashine zinanguruma huku na huku. Mwanzoni nilifarijika, nikasema angalau kuna watu. Halafu nikawaza: kwa kelele ile, hata nikipiga yowe nani atanisikia?

Bodaboda zipo, lakini kwenda na kurudi kila siku mshahara wangu haubebi.

Hilo ni la kazini. Kuna lingine ambalo nikilisema watu wananishangaa. Napenda kutembea. Jumamosi nikishafua na kupika, natamani nishike njia niende mpaka ukingoni, pale ardhi inapokatika, nitazame Ruvuma na milima ya Msumbiji ng'ambo, nikae kidogo nirudi. Sitafuti kuni, sichimbi ming'oko, simfuati mtu. Nataka tu kutembea na kuwaza mambo yangu. Kila ninayekutana naye ananiuliza, "Mwalimu, wapi peke yako? Kuna usalama?" Najua wananiuliza kwa wema. Mama mwenye nyumba aliniambia nichukue mtoto mmoja wa kunisindikiza. Mtoto wa darasa la nne atanikinga na nini? Likitokea jambo nitakuwa na watu wawili wa kuwaogopea.

Juzi mwanaume alinifuata nyuma kwa muda mrefu. Hakunisalimia. Nikiongeza mwendo naye anaongeza, nikipunguza anapunguza. Nilishika funguo mkononi nikawa nasikia viatu vyake tu, kitu kingine chochote sikukisikia. Mwisho akakata kushoto akaingia shambani kwake, bila shaka alikuwa anakwenda kazini kama mimi. Lakini ile hofu ilinikaa mpaka kipindi cha tatu, naandika ubaoni mkono unatetemeka.

Wanawake wa huku, mnatembea peke yenu? Mnachoogopa hasa ni nini: watu, wanyama, au maneno ya watu? Naomba anijibu mtu anayezijua njia zenyewe. Wa "nunua pikipiki" na "omba uhamisho" nawashukuru, nimeshawasikia wengi.

Bi Mkubwa Kitangari

Marahaba mwanangu. Pole kwa hofu, na karibu kwenu.

Mimi nimezeekea huku juu. Maji ya bomba ya Mitema yalikuwa hayajatufikia, na hata yalipofika yalikuwa leo yapo kesho hayapo, kwa hiyo tulikuwa tunashuka bondeni kuchota. Tunatoka saa tisa za usiku, tunarudi jua limeshapanda, ndoo kichwani na mlima uko mbele yako. Hakuna aliyeshuka peke yake. Aliyeamka wa kwanza alipita nyumba kwa nyumba akigonga, na aliyechelewa alisubiriwa penye mwembe hata kama wengine wananung'unika. Mama zetu hawakutuambia tunaogopa nini. Walituambia tu mwanamke hashuki mwenyewe, basi.

Mchana ni mambo mengine. Mchana mwanamke wa huku anakwenda shambani kwake peke yake na anarudi peke yake, nami mpaka leo nakwenda. Lakini angalia anakwendaje. Ana jembe begani, ana panga, na kila anayekutana naye anajua huyu ni mtoto wa nani na wajomba zake ni akina nani. Huku kwetu mtu anajulikana kwa wajomba. Wewe unapita na mkoba na viatu vya kufunga, hakuna anayejua ukoo wako, wanaona mgeni tu. Mgeni hana wa kumsemea.

Kwa hiyo la kwanza ningefanya, ningemwita mama yako au mjomba wako yeyote aliye karibu, mchague siku, mpite wote hiyo njia nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba. "Huyu ni mtoto wa fulani, anafundisha pale, anapita hapa asubuhi na jioni." Usione ni jambo la kizamani. Mwenye shamba akishakujua, siku usipopita ataulizia. Na yule wa salfa ukimsalimia kwa jina lake kabla hajawasha mashine, anajua saa yako ya kupita.

La pili, hujauona msimu. Sasa hivi ni kupalilia na kupulizia, watu ni wale wale. Mabibo yakianza kuanguka, kuanzia huo mwezi wa tisa na kuendelea mpaka korosho ziishe, mambo yanageuka. Wanakuja vibarua wa kuokota kutoka huko na huko, wanakuja watu wa kangomba na pikipiki zao wanaonunua korosho kwa kificho, na chini ya miti kuna uraka, pombe ya mabibo. Uraka unaanza kunywewa asubuhi, na kuna wanaoshushia nipa, ile gongo ya mabibo. Wanaume kumi wamekaa kivulini tangu saa tatu, mwanamke anapita peke yake saa kumi jioni. Mimi hapo sipiti, nazunguka hata kama ni mbali. Halafu msimu huo watu wanalala shambani kulinda korosho zisiibwe. Ukipita alfajiri na mkoba mkubwa, wa kwanza kukutisha anaweza kuwa mlinzi aliyedhani wewe ni mwizi. Pita barabarani, usikate ndani ya shamba la mtu, na piga kikohozi au imba. Sauti ya mwanamke anayeimba haimshtui mtu.

Hilo la kutembea kwa kupenda, sitakukataza. Beba kijembe kidogo hata kama huna shamba. Utaona maswali yatakavyopungua.

Mkweli Daima

Dada zetu nao mnajitakia. Mwanamke umevaa vya kubana, unakwenda porini mwenyewe kupunga upepo, kikikukuta unalia. Zamani haya hayakuwepo kwa sababu wanawake walijiheshimu.

Mama Wawili Tandahimba

Mkweli, nitakujibu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimevaa dera na mtandio. Mtoto mgongoni, dumu la lita ishirini kichwani, saa nne asubuhi, jua kali. Natoka kisimani. Mwanaume akasimama katikati ya njia. Ni njia ya mguu, huku mihogo huku mikorosho, akisimama mmoja mwingine hapiti. Akaniuliza jina wakati jina langu analijua, maana anakaa kitongoji kile kile na mume wangu wanasalimiana msikitini. Akashika ncha ya mtandio. Mimi dumu liko kichwani, mikono yote miwili juu, siwezi hata kumsukuma. Nikaita kwa sauti jina la mwenye shamba lile, nikasema "Mzee, njoo unitue dumu!" Mzee hakuwepo, alikuwa Mtwara mjini kwenye matibabu. Yule mtu akaachia, akaondoka anatembea taratibu kama vile hajafanya kitu.

Nilipokwenda kusema kwa wahusika, swali la kwanza niliulizwa "mlikuwa mnaongea nini?" Sikuulizwa yeye alikuwa anataka nini.

Sasa niambie kosa langu hapo ni nguo gani. Nilikuwa naleta maji ya kupikia. Na hiyo zamani unayoitaja, Bi Mkubwa kashakueleza hapo juu kwamba walikuwa wanasubiriana penye mwembe saa tisa usiku. Wangekuwa salama wasingesubiriana.

Mwalimu, mimi ninachoogopa ni mtu, na hasa mtu ninayemjua. Mgeni nikimwona najiandaa. Huyu wa kwetu nampa mgongo bila kufikiri. Kisimani siendi peke yangu tena, tuko wanne tunapigiana simu. Shambani naenda mwenyewe, kwa sababu nikisema nisiende tutakula nini?

Mtoto wa Liwale

Nyie wa huko juu mnazungumzia watu. Kwetu Liwale tunaanza na tembo. Tumepakana na hifadhi, na muhogo ukikomaa au mahindi yakianza kubeba, wanakuja. Mama yangu kabla ya kutoka anauliza jirani aliyetangulia, "njia ikoje?" Akiona kinyesi kibichi anarudi, hana ubishi. Hapo hakuna cha mwanamke wala mwanaume, wote tunarudi.

Na wakubwa wanakumbuka simba. Watafiti waliandika mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameshaua zaidi ya watu 560 nchini, na Lindi ni kati ya sehemu zilizoumia vibaya. Wengi waliliwa wakati wa mavuno, watu wamelala kwenye madungu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Simba alikuwa anamfuata nguruwe, akamkuta mtu. Baadaye, 2011, wakaandika tena kwamba hatari ilizidi siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu jua likizama mwezi unakuwa haujatoka, na zile saa za mwanzo za usiku ndizo zina kiza kizito. Bibi yangu hakusoma utafiti wowote lakini siku hizo alikuwa anatufungia ndani mapema, mlango na komeo.

Ninachotaka kusema ni hiki. Simba alipokuwa anaua watu, kijiji kizima kilikaa kikao, askari wa wanyamapori wakaja, wanaume wakasindikiza wanawake kisimani, hakuna aliyemuuliza marehemu alivaa nini. Mbona akiwa ni mtu anayesumbua wanawake njiani, kila mwanamke anaachiwa atafute dawa yake mwenyewe?

Mwalimu, huko kwenu Newala simba si wa kukunyima usingizi. Nyoka ndio, hasa nyasi zikiwa ndefu baada ya mvua. Viatu vya kufunga hivyo hivyo ulivyovaa, na tochi.

Nesi Mstaafu, Masasi

Naongeza la kitaalamu kidogo, mnisamehe kama linatisha. Nimekaa wodini miaka mingi na nimeona wanawake wanaletwa siku ya nne, ya tano, wameshaoga, nguo zimefuliwa, na dawa nyingine wakati wake umepita.

Mwanamke akibakwa, Mungu apishe mbali, afike kituo cha afya haraka, siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia. Ya kuzuia mimba nayo ni hivyo hivyo, kuwahi. Asioge kwanza, nguo azitunze kwenye mfuko wa karatasi au akija nazo mwilini ni sawa. Kuna fomu ya polisi, PF3. Ukiwa karibu na kituo cha polisi ichukue, lakini kama hospitali iko karibu zaidi anzia hospitali, omba uhudumiwe, fomu ifuate. Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, uliza hilo, usihadithie kaunta mbele ya watu. Simu ya dharura ya polisi ni 112.

Sheria iko wazi. Tangu ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kubaka ni miaka isiyopungua 30. Wengi hawajui kwamba hata haya ya Mama Wawili, kumzuia mwanamke njia, kumshika nguo, kumtolea maneno ya aibu, nayo yamo kwenye sheria. Ni unyanyasaji wa kijinsia, kifungo kinafika miaka mitano. Mtu akikwambia "ulikuwa unaongea naye nini", mwambie unataka maelezo yako yaandikwe.

Kwa kina mama wa vijijini shida ni nauli na aibu. Aibu siwezi kuiondoa hapa mtandaoni. Nauli, kundi la akina mama la kuweka na kukopa linaweza kutenga kidogo kwa dharura za namna hii. Sisi tulifanya hivyo kwenye kikundi chetu. Haikuhitaji fedha nyingi, ilihitaji tukubaliane kwamba mwenye shida haulizwi maswali.

Dereva wa Nanyamba

Mimi ni mwanaume, ni bodaboda, naomba niseme na wanaume wenzangu.

Yule aliyemfuata mwalimu inawezekana hakuwa na nia mbaya. Lakini kumsalimia kulimgharimu nini? Mimi nikiwa kwa miguu na mbele kuna mwanamke peke yake, naita tangu mbali: "Dada, habari ya asubuhi, mimi ni fulani, napita." Napita upande wa pili wa njia, naenda zangu, nakuwa mbele yeye nyuma. Akishaniona mgongo anapumua. Usiku nikiwa na pikipiki simwendei polepole huku namulika. Napita kwa mwendo wa kawaida. Na nikimkuta mwanamke anatembea, sisimami kumng'ang'aniza apande. Nauliza mara moja, akikataa nimemaliza.

Dada yangu ndiye aliyenifundisha hilo la kupita mbele. Sikuwahi kulifikiria, kwa sababu mimi nikitembea njia hizo peke yangu kitu ninachokiwaza ni mpira.

Na mwalimu, ongea na bodaboda mmoja wa kijijini kwako anayejulikana, mkubaliane akusindikize kile kipande kisicho na nyumba tu. Hiyo bei unaweza kuimudu.

Mwalimu wa Ukingoni

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Bi Mkubwa, Mama Wawili, Nesi, nawashukuru mno. Mtoto wa Liwale, swali lako nitakwenda nalo kwenye kikao cha wazazi, maana wasichana wetu wa darasa la saba wanapita njia ile ile na wanabaki jioni kwa masomo ya ziada. Mimi nina funguo na simu, wao hawana chochote. Tukiwaachia mapema nusu saa tu, wanafika bado kweupe. Hilo liko ndani ya uwezo wetu walimu, halihitaji bajeti.

Nimempigia mjomba. Anakuja mwisho wa wiki kunitembeza kwa wenye mashamba. Ameniuliza kwa nini sikumwambia tangu niripoti.

Ile ya kijembe, Bi Mkubwa, nimeielewa na nitaibeba. Ila naomba niseme kutoka moyoni, inaniuma. Kwamba mwanaume anaweza kukaa ukingoni pale mikono mitupu hata siku nzima akatazama bonde na hakuna anayemuuliza, na mimi nikitaka nusu saa ya hivyo lazima nijifanye ninalima. Nitabeba, lakini sitaki wanafunzi wangu wakiwa watu wazima nao wabebe.

Swali moja limebaki. Njia ya kutoka Newala mjini kwenda upande wa Shimo la Mungu, pale ukingoni ardhi inapokatika, Jumamosi asubuhi, kuna mwanamke aliyewahi kwenda mwenyewe? Ikoje?

Fatu wa Sokoni

Mwalimu, mimi naenda. Mwanzo wa njia ni nyumba nyumba, hakuna shida, watoto wanacheza. Karibu na ukingo ndipo panakuwa kimya, na Jumapili jioni kuna vijana wanakaa wanavuta vitu vyao, siku hiyo usiende. Jumamosi kati ya saa mbili na saa tano ni salama kwa ninavyoijua mimi, kuna kina mama wanapanda kutoka bonde la chini na mizigo ya kuleta sokoni, ukikaa utawaona mmoja mmoja. Usishuke chini kwenye mteremko kama huna mwenyeji, kokoto zinateleza.

Mara ya kwanza twende wote. Jumamosi hii nina mzigo wa dagaa unaingia, siwezi. Inayofuata naweza. Nitumie ujumbe nikuelekeze pa kunikuta.